Mtwara Katika Picha: Nani Afichwe, Nini Kionekane

Picha inayopendwa kuliko zote katika ripoti za miradi ya Kusini ina umbo lake. Mbele yupo bibi wa Kimakonde mwenye ndonya mdomoni na chale usoni, au mtoto wa shule anayecheka, naye ametoka vizuri kiasi kwamba hata mikunjo ya ngozi inahesabika. Nyuma yake kuna ukungu laini wa kijani na kahawia usiosema neno. Huwezi kujua kama pale nyuma pana mkorosho, foleni ya wakulima kwenye mzani wa chama cha msingi, kisima kilichokauka au nyumba iliyopigwa alama ya X. Mtazamaji aliyeko Dodoma au Oslo humwona mtu bila kuona anakoishi. Chini ya picha pameandikwa jina lake kamili, kijiji chake, umri wake, na mara nyingine ugonjwa wake.

Nataka kusema jambo moja kuhusu ukungu huo, nalo ni la kisiasa kuliko la kiufundi. Katika picha zinazopigwa Mtwara na mwambao wa Ruvuma tumezoea kutia ukungu pale panapopaswa kuonekana na kuacha wazi pale panapopaswa kusitiriwa. Mazingira, ambayo ndiyo ushahidi wa hali ya watu, hufifishwa ili picha ipendeze. Uso, ambao unaweza kumponza mwenyewe, huachwa uking'ara. Na mara chache tunapokumbuka kuufunika uso huo, tunaufunika kwa kitambaa chepesi mno, kisichomsitiri mtu mbele ya yeyote anayemtafuta kwa dhati.

Tuelewe kwanza chombo chenyewe. Zamani ukungu wa nyuma ulikuwa kazi ya lenzi: mpiga picha alipanua tundu la lenzi, akamsogelea mhusika wake, na kila kilichokuwa mbali na shabaha kikapoteza makali. Ilihitaji lenzi ya bei na mkono uliozoea. Tangu mwaka 2016 hivi simu janja zilipoanza kuigiza jambo hilo kwa hesabu, ukungu ukawa wa kila mtu. Simu hukisia mtu anaishia wapi na mandhari yanaanzia wapi, kisha huyapaka mandhari yote. Ndiyo maana ukingo wa kofia au ncha ya ushungi wakati mwingine humezwa pamoja na miti. Ni dosari ndogo ila ina funzo: mashine ndiyo iliyoamua kipi ni mtu na kipi ni takataka za nyuma, na mpiga picha akakubali.

Ukungu wa usoni, ule unaotiwa baadaye wakati wa kuhariri, hutengenezwa kwa hesabu iliyo jamaa na hiyo. Kanuni inayotumika zaidi imepewa jina la Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1855. Kila nukta ya picha huvuliwa rangi yake na kupewa wastani wa rangi za nukta zinazoizunguka, zile za karibu zikipewa uzito zaidi. Neno la kushika hapo ni wastani. Taarifa iliyokuwa usoni haifutwi, hutawanywa, kama chumvi iliyotiwa majini: huioni, lakini ulimi unajua kwamba ipo. Nitarudi kwenye chumvi hiyo, maana ndiyo inayowaponza watu.

Sasa twende Mtwara yenyewe. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, lakini kilio cha gesi kilisikika nchi nzima miaka thelathini baadaye. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya wananchi waliandamana mjini Mtwara kupinga mpango wa kuisafirisha gesi hiyo kwa bomba hadi Dar es Salaam kabla hawajaelezwa wao watabaki na nini. Januari 2013 machafuko yakazuka Mtwara na Masasi, mali zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Tarehe 22 Mei mwaka huohuo, siku ambayo hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni, mji ukawaka tena na wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500, na likazinduliwa Oktoba 2015.

Ukizitazama picha zilizobaki za kipindi kile, utaona mgawanyo wa ajabu. Picha za bomba ni safi: chuma kinang'aa, kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba kimenyooka kama chora ya mhandisi, viongozi wamevaa kofia ngumu. Picha za watu nazo ni safi kwa namna nyingine. Vijana wameketi chini wamefungwa pingu, nyuso zao zimeelekezwa kwenye kamera, hakuna hata mmoja aliyefunikwa. Hawakuwa wamehukumiwa. Wengine hawakuwa hata wamesomewa mashtaka. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kwamba analo. Picha ile iliwatendea hivyo kwa sekunde moja, na imeendelea kuwatendea hivyo kila mara inapofunguliwa tena. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amevuka thelathini. Anaomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni inayohusika na gesi ileile, au anaomba mkopo, na uso wake wa mwaka 2013 bado unazunguka mtandaoni.

Wakati huohuo, kilichodaiwa na waandamanaji ni kuiona mikataba. Hiyo ndiyo iliyokuwa chini ya ukungu. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika sekta ya madini, mafuta na gesi ilikuja kutamka kwamba mikataba itangazwe. Swali lao, kwa maneno mengine, lilikuwa halali kiasi cha kuandikiwa sheria. Lakini ni nyuso za waulizaji zilizotangazwa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya jana na kwamba leo Mtwara ni shwari. Basi tushuke hadi mtoni. Ruvuma haijawahi kuwa mpaka kwa maana wanayoijua watu wa makao makuu. Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili. Mtu wa Kilambo au Mahurunga ana shangazi upande wa pili, ana mume aliyetoka huko, ana shamba ambalo babu yake alililima kabla ya ramani. Mwaka 2017 vita vilizuka Cabo Delgado, na undugu huo uliokuwa neema ukageuka kuwa jambo la kuelezewa kwa askari. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto upande wa Tanzania, kilishambuliwa, na IGP wa wakati huo, Simon Sirro, akathibitisha kwamba washambuliaji, takriban 300, walivuka kutoka Msumbiji. Nyumba zilichomwa na watu wakauawa. Machi 2021 mji wa Palma, ambao hauko mbali na mlango wa mto, ulivamiwa. Maelfu walikimbia, baadhi yao wakavuka Ruvuma kutafuta salama kwetu, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaeleza kwa masikitiko kwamba wengi walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Katika hali hiyo, picha ya mama aliyeketi juu ya kifurushi chake ukingoni mwa mto ni kitu cha hatari. Wapo watu wa aina tatu wanaoweza kuitazama kwa makini: wapiganaji wanaotaka kujua nani ametoroka na nani amesema, maofisa wa pande mbili wanaotaka kujua nani ni raia wa wapi, na majirani wanaotaka kujua mume wa mama huyo yuko wapi. Mpiga picha kwa kawaida humfikiria mtazamaji wa nne, yule mwenye huruma, aliyeko mbali. Huyo hana madhara yoyote kwa mama yule. Angeweza kuguswa na picha ya mikono na kifurushi bila uso kabisa.

Hapa ndipo nataka tufikiri vizuri zaidi kuliko tulivyozoea, kwa sababu hata wenzetu wanaojali faragha hufikiri kwamba kutia ukungu usoni kumemaliza kazi. Wamakonde wenyewe wangeweza kutufundisha. Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago na kujifunika mwili mzima, na kwa mila ya zamani wanawake na watoto ambao hawajapitia jando hawakutakiwa kujua kwamba mle ndani mna binadamu. Je, hawakujua? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mke humtambua mumewe kwa jinsi anavyokanyaga. Kinyago kilifanya kazi si kwa sababu kilificha kikamilifu, bali kwa sababu kijiji kizima kilikubali kutosema. Ukungu wa picha hauna makubaliano hayo. Unatumwa katika makundi ya WhatsApp ambamo hakuna aliyekubali chochote, na katika kundi hilo yupo anayelijua kanga lile, anayeujua ukuta ule wenye ufa, anayeijua ngalawa ile kwa jina lililoandikwa ubavuni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye picha linapaswa kuwa: anafichwa dhidi ya nani? Ikiwa ni dhidi ya mgeni, uso ukifunikwa huenda inatosha. Ikiwa ni dhidi ya jirani, mwajiri, mwalimu mkuu au ofisa mtendaji wa kijiji, uso ni jambo la mwisho. Nguo humtaja mtu. Kovu humtaja. Ndonya na chale humtaja zaidi, maana mabibi wenye alama hizo wamebaki wachache na kila kijiji kinawajua wake kwa majina. Namna ya kusimama humtaja. Katika video sauti humtaja kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Januari 2018 vyombo vya habari viliripoti kwamba wilayani Tandahimba wasichana watano wa shule waliopata mimba walikamatwa pamoja na wazazi wao. Sitaki hapa kufungua mjadala wa amri hiyo, ingawa msimamo wangu wasomaji wa kawaida wa ukurasa huu wanaujua. Nataka tufikirie tu lile linalofuata katika habari ya namna hiyo kila inapotokea, Tandahimba au kwingineko: mwandishi anahitaji picha. Mhariri mwenye dhamira njema anautia ukungu uso wa msichana. Anaiacha nembo ya shule kifuani, rangi ya sketi, na mama mzazi aliyesimama pembeni akiwa wazi kabisa, kwa kuwa mama si mtoto na sheria ya mtoto haimhusu. Katika wilaya ambayo sekondari ya kata ni moja na mabinti wa kidato kile ni wachache, hakuna aliyebaki bila kumjua. Kilichofunikwa ni aibu ya mhariri.

Turudi kwenye chumvi niliyoiacha majini. Mwaka 2007 Interpol ilitangaza kumtafuta mtu aliyekuwa akidhulumu watoto wadogo katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na kusambaza picha za uovu wake. Alikuwa ameuzungusha uso wake kwa programu ya kuhariri picha, ukawa kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, akaamini yu salama. Wataalamu wa polisi ya Ujerumani waliuzungusha uso huo kinyumenyume, sura ikatokea, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mkanada mmoja akakamatwa Thailand. Dunia ilifurahi, na ilistahili. Lakini hesabu haina dini. Iliyomfichua mhalifu yule inaweza kumfichua shahidi, mkimbizi au mfanyakazi aliyetoboa siri ya wizi katika ghala la korosho.

Kuzungusha ni mbinu dhaifu kuliko zote kwa sababu kila nukta imehamishwa tu, haijachanganywa na nyingine. Ukungu wa Gauss na vile vimraba vikubwa vinavyopendwa na televisheni ni vigumu zaidi kuvirudisha nyuma. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na Cornell Tech walionyesha njia nyingine ya kuingia. Kompyuta haihitaji kuurudisha uso. Inahitaji tu kufundishwa jinsi nyuso za watu fulani zinavyoonekana zikiwa tayari zimetiwa ukungu, kisha iulizwe huyu ni nani kati yao. Ikajibu kwa usahihi mara nyingi sana, hata pale ambapo jicho la binadamu liliona madoa matupu. Fikiria maana yake kwa mji mdogo. Anayetafuta hatafuti mtu mmoja kati ya mabilioni. Anayo orodha ya wafanyakazi arobaini wa ghala moja, na picha zao za vitambulisho anazo.

Basi kwa kazi yenye hatari ya kweli, ukungu usitumike peke yake. Tumia kisanduku cheusi kisichopenya, au bora zaidi, kata uso kabisa, au piga picha kwa nyuma, au piga mikono, kivuli, viatu vilivyowekwa mlangoni. Kama ni lazima iwe ukungu, uwe mzito kiasi cha kupoteza hata umbo la kichwa. Usitumie kalamu ya kuchorea ya simu kwa mstari mmoja, kwa kuwa baadhi ya kalamu hizo hupitisha mwanga, na mtu akiongeza mng'ao wa picha anaona kilicho chini. Usitume faili la programu ya kuhariri ambalo bado lina tabaka zake, maana anayelipokea ataliondoa tabaka la juu kama unavyoondoa kawa juu ya sahani. Kumbuka pia kwamba faili la picha hubeba maandishi yasiyoonekana: saa, aina ya simu, na mara nyingi mahali hasa ilipopigwa, kwa vipimo vya kutosha kumpeleka mtu hadi kwenye mwembe uliokuwa juu yenu. WhatsApp huyaondoa maandishi hayo picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, huenda nayo. Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mwaka wapo wanaotoka darasani kwenda kufungua picha zao za zamani kwa wasiwasi.

Wanaharakati wanayo hoja dhidi yangu, na ni hoja nzito. Wanasema uso ndio ushahidi. Mtu asiye na uso husingiziwa kuwa hayupo. Watawala husema picha imetengenezwa, wamelipwa, ni waigizaji. Wanasema pia kwamba katika macho ya Mtanzania wa kawaida ukungu usoni ni alama ya mhalifu au ya mgonjwa wa ugonjwa wa aibu, kwa hiyo ukimfunika mkulima anayedai malipo ya korosho zake umemfanya afanane na mwizi wa korosho. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mwaka 2018, Rais Magufuli alipoamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kuzisomba, wapo wakulima waliosubiri malipo yao muda mrefu na waliotaka kusema kwa majina na nyuso zao. Kumtia ukungu mtu aliyeamua kusimama mchana kweupe ni kumnyang'anya ujasiri wake. Nisichokubali ni kwamba mpiga picha, au shirika, au ofisa habari wa halmashauri, ndiye wa kumwamulia. Aulizwe. Na aulizwe kwa namna ambayo ataweza kukataa, si huku amesimama kwenye mstari wa kupokea fedha za TASAF na mwenye kamera amekuja kwenye gari moja na mwenye fedha.

Kuna hoja nyingine ambayo inatoka upande wa pili, na hiyo inanitia hofu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya vurugu za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba na baada ya intaneti kurejeshwa, wananchi walipokea kwenye simu zao ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha na video zinazozua taharuki au kudhalilisha utu wa mtu. Neno utu ni neno kubwa katika lugha yetu, na maiti anao utu wake. Mzazi hapaswi kumwona mwanawe amelala barabarani kwenye simu ya mtu asiyemjua. Lakini mwenye mamlaka akilishika neno hilo peke yake, linaweza kuwa ukungu wa kufunika nchi nzima. Stara ya marehemu hupatikana kwa kufunika uso wake na kuihifadhi picha kamili mahali salama kwa ajili ya uchunguzi. Haipatikani kwa kufuta kwamba alikuwapo. Mandhari ya picha ile, yaani mtaa, saa, rangi ya sare, nambari za gari, hayo yasiguswe hata chembe. Huko nyuma ndiko ushahidi uliko, na ndiko simu zetu zimezoezwa kupaka mafuta.

Naona msomaji mtumishi wa umma ananiuliza sheria inasemaje. Inasema mengi kuliko inavyofuatwa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka mipaka ya kuchapisha picha na taarifa za mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na kusudi halali na linalojulikana, na asizitumie nje ya kusudi hilo. Uso ni taarifa binafsi. Picha uliyopiga kwa ajili ya orodha ya walengwa wa mradi haigeuki kuwa kalenda ya mwaka mpya ya halmashauri kwa sababu tu imetoka vizuri. Tume ya kusimamia sheria hiyo ipo. Polisi wanaweza kuwa na sababu ya kutangaza sura ya mtu wanayemtafuta, sikatai. Ila mtu akishakamatwa, sababu hiyo imekwisha, na kumpanga mbele ya waandishi pamoja na nyavu zake au baruti anayodaiwa kuvulia ni jambo lisilo na kusudi la upelelezi hata kidogo.

Hilo la nyavu si mfano wa kubuni hewani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina eneo la kilomita za mraba 650, na ndani yake wamo watu na vijiji vyao, Msimbati miongoni mwao. Uvuvi wa baruti na wa kokoro umeharibu matumbawe, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka ukome. Lakini tazama picha za hifadhi. Katika vipeperushi vya watalii, mvuvi ni kivuli cheusi kizuri dhidi ya machweo, uso haupo, hana jina wala hoja. Katika taarifa za operesheni, mvuvi huyohuyo ana uso wazi, amechuchumaa mchangani, na nyuma yake, palipokuwa na kijiji kinachouliza sasa tuvue wapi, simu imeweka ukungu.

Ombi langu kwa maofisa habari wa halmashauri za mkoa, na kwa mashirika yenye ofisi kule Shangani na kwingineko mjini, ni la kazi ya siku chache. Fungueni makabati ya picha zenu, yaani tovuti, kurasa za mitandao na mabango. Toeni sura za walioshukiwa ambao kesi zao hazikufika popote. Toeni majina yaliyoandikwa chini ya picha za wagonjwa na za mabinti. Sheria ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, lakini kijana wa Magomeni au Chikongola hawezi kuomba kufutwa picha ambayo hajui iko kwa nani. Ninyi mnajua. Na mtakapokwenda tena Mahurunga au Kitaya na simu zenu, zimeni kile kitufe cha ukungu wa nyuma, mpige picha mtu akiwa na uwanja wake wote: paa, ndoo, njia ya kwenda mtoni, mto wenyewe. Kisha mgeuzieni simu aitazame, na mumwulize kama uso wake ubaki.